Mafqud na Jamaa Zake: Haki ya Kujua katika Fiqhi na katika Sheria za Kimataifa

Katika vitabu vya fiqhi upo mlango mfupi ambao wanafunzi wengi huupita upesi, wakidhani kuwa hautawafaa sana. Ni mlango wa mafqud, yaani mtu aliyepotea asijulikane kama yu hai au amekufa. Mafakihi waliuandika kwa sababu ya maswali yaliyo wazi: mkewe afanyeje, mali yake aishike nani, na akifa baba yake, fungu lake la mirathi liwekwe wapi? Lakini mwenye kuusoma kwa utulivu ataona kuwa chini ya maswali hayo lipo jingine. Wale waliobaki nyumbani, wanaoumia kwa kutojua, wana haki gani, na haki hiyo iko juu ya nani?

Swali hilo hilo limezishughulisha mahakama za haki za binadamu kwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Makala haya yanaeleza njia zote mbili, ile ya mafakihi na ile ya majaji wa zama zetu, kisha yanazitazama zikikutana mahali pamoja: Srebrenica, mji wa Waislamu wa Bosnia, ambako maelfu ya wanawake walingojea habari za waume na watoto wao.

Huzuni ya asiyejua

Nabii Yaakub (a.s.) ni mfano wa kwanza. Wanawe walimletea kanzu yenye damu ya uongo, nayo ilikusudiwa iwe ushahidi wa kifo. Hakuikubali. Surat Yusuf, aya ya 84, inaeleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni aliyokuwa akiizuia moyoni. Kisha aya ya 87 inaeleza kuwa aliwatuma wanawe warudi wakatafute habari za Yusuf na nduguye. Alikuwa na subira njema, na subira yake haikumzuia kutafuta. Wale wanaowaambia jamaa wa aliyepotea wanyamaze na wamwachie Mungu, na wakaishia hapo, wamechukua nusu ya kisa na kuiacha nusu.

Mfano wa pili ni mama yake Musa (a.s.). Surat al-Qasas, kuanzia aya ya 10, inataja kuwa moyo wake ulibaki mtupu, akamtuma dada wa mtoto afuate nyayo. Aliporudishiwa mwanawe, aya ya 13 ilitaja makusudio matatu: jicho lake litulie, asihuzunike, na ajue kuwa ahadi ya Mwenyezi Mungu ni ya kweli. Zingatia kuwa kujua kumetajwa pamoja na utulivu na kuondokewa na huzuni.

Mwenendo wa Mtume (s.a.w.) haukutofautiana na hayo. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alimtuma mtu amtafute Saad bin ar-Rabii ili ijulikane kama yu miongoni mwa walio hai au waliokufa. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa baada ya vita vingine aliwauliza masahaba mara kwa mara iwapo wanamkosa yeyote, mpaka alipomtaja yeye mwenyewe Julaybib, mtu ambaye wengine hawakumkumbuka, nao wakaenda wakamkuta ameuawa. Neno alilolitumia katika kuuliza linatokana na asili ile ile ya neno mafqud.

Safiyya, shangazi yake Mtume, alipokuja Uhud kumtazama nduguye Hamza aliyekatwakatwa, Mtume alitaka azuiwe kwa kumhurumia. Alipoeleza kuwa habari amekwishazipata na kwamba atasubiri, aliachwa akamwona. Na baada ya vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Jaafar bin Abi Talib, akawakumbatia watoto, akampa habari mkewe Asmaa, kisha akaamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula. Kiongozi aliyewatuma watu vitani ndiye aliyebeba habari mpaka mlangoni.

Hukumu ya Umar na ikhtilafu za maimamu

Imam Malik amepokea katika Muwatta hukumu ya Umar bin al-Khattab (r.a.): mwanamke aliyempoteza mumewe asijue aliko, atangoja miaka minne, kisha atakaa eda ya miezi minne na siku kumi, baada ya hapo yu huru kuolewa. Kwa upande wa pili imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kuwa mwanamke huyo amepewa mtihani, basi asubiri mpaka kifo au talaka ibainike.

Maimamu wakagawanyika. Malik alifuata hukumu ya Umar, na Ahmad akaifuata katika hali ambazo kupotea kwake kunaelekea kuwa ni kufa. Hanafi walisema angojee mpaka watu wa rika la mumewe wafe, na baadhi yao wakataja umri wa miaka 90. Imam Shafi katika kauli yake ya kale alikuwa pamoja na Umar, na katika kauli yake mpya akawa pamoja na Ali. Hii ya pili ndiyo iliyotegemewa katika madhehebu yetu ya pwani, ingawa wanavyuoni waliitafutia njia kupitia faskhi kwa kukosekana nafaka, kwa masharti yake.

Kwa karne nyingi watu waliishi na ikhtilafu hii. Vita vikubwa na safari ndefu vya zama za karibuni vilipoongeza idadi ya waliopotea, nchi na wanavyuoni wa Kihanafi wenyewe waliielekea kauli ya Malik. Sheria ya familia ya dola ya Uthmaniya ya mwaka 1917 ilifanya hivyo, na sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu ya India ya mwaka 1939 ikaweka miaka minne. Mwezi Disemba 2013 wanavyuoni wa Kashmir walikubaliana kuwa wanawake ambao waume zao wamepotezwa, ambao watu wa huko huwaita wajane nusu, wanaweza kuolewa baada ya miaka minne.

Lakini katika hukumu ya Malik kuna jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Miaka minne haianzi tu siku mume alipoondoka. Mke hupeleka shauri kwa kadhi, kadhi huandika kwenda miji ambayo huenda mtu huyo yuko, na muda huhesabiwa baada ya kutafuta na kukosa. Kwa maneno mengine, mwenye mamlaka hawezi kumwambia mwanamke angoje hali yeye mwenyewe amekaa. Utafutaji ni wajibu wake, na kungoja kwa mwanamke kumejengwa juu ya wajibu huo.

Hofu inayotoka kwa mtawala

Je, uchungu wa moyo peke yake una dhamana? Hapa tuseme kweli bila ya kuongeza. Diya imewekwa kwa ajili ya nafsi na viungo. Wengi wa mafakihi wa zamani hawakuiwekea huzuni thamani ya mali, kwa kuwa huzuni haina mfano wake wala kipimo chake sokoni. Abu Yusuf aliona kuwa jeraha lililopona bila ya kuacha alama lina malipo kwa sababu ya maumivu, lakini Abu Hanifa hakumkubalia. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika azimio lake nambari 109 la mwaka 2000 kuhusu sharti la adhabu katika mikataba, liliamua kuwa fidia haihusu madhara ya kimoyo.

Hata hivyo iko habari ambayo mafakihi wa Kishafii wameitegemea, ingawa wanahadithi wamezungumza juu ya sanadi yake. Umar alimwita mwanamke mmoja kwa jambo lililosemwa juu yake. Kwa kumhofu, njiani mimba yake ikaharibika. Umar akataka ushauri. Baadhi ya masahaba walimwambia kuwa hana deni, kwani alikuwa akitia adabu tu. Ali akasema kuwa diya iko juu yake. Umar, naye ndiye khalifa, akaikubali kauli ya Ali. Masuala haya yamo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika mwambao wetu. Kinacholipiwa hapo ni mimba, si hofu. Lakini njia ambayo madhara yamepitia ni moyo wa mtu, na aliyetiwa hatiani ni mtawala kwa sababu ya kuogofya. Mlango haukufungwa.

Majaji wa zama zetu

Sasa tutazame upande wa pili. Katika miaka ya 1970 serikali kadhaa za kijeshi za Amerika ya Kusini zilianza mtindo wa kuwakamata wapinzani wao na kisha kukana kuwa wanao. Mtu hakufunguliwa mashitaka, hakuzikwa, wala hakuandikwa popote. Tarehe 28 Juni 1976, mwalimu Elena Quinteros alikamatwa na wanajeshi huko Montevideo, Uruguai, ndani ya uwanja wa ubalozi wa Venezuela alikokimbilia. Mama yake alizunguka kila ofisi bila ya kupata jibu, kisha akaipeleka kesi kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Tarehe 21 Julai 1983 Kamati ilitoa uamuzi uliobadilisha fikra za wanasheria. Ilisema kuwa mama naye ni mdhulumiwa, kwa sababu ya uchungu na wasiwasi aliotiwa na kupotea kwa binti yake na kutojua yuko wapi, na kwamba ana haki ya kujua yaliyompata. Kabla ya hapo mama alihesabiwa kuwa ni mleta mashitaka kwa niaba ya mwingine. Baada ya hapo alikuwa na dai lake mwenyewe.

Njia hiyo ilifuatwa. Januari 1998 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kesi ya Nicholas Blake, mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyeuawa Guatemala mwaka 1985 na mwili wake kuchomwa ili athari zipotee. Wazazi na ndugu zake walihesabiwa kuwa wametendewa unyama wao wenyewe. Mei mwaka huo huo Mahakama ya Ulaya iliyoko Strasbourg ilimhukumia mama mmoja wa kusini-mashariki mwa Uturuki, ambaye mwanawe Üzeyir Kurt alichukuliwa na askari kijijini kwao Novemba 1993 asionekane tena. Mahakama iliamuru alipwe mama pauni 10,000 kwa mateso yake, mbali na pauni 15,000 zilizowekwa kwa ajili ya mwanawe na warithi wake.

Mwaka uliofuata, 1999, katika kesi ya Çakıcı dhidi ya Uturuki, Mahakama hiyo iliweka mipaka. Ilisema kuwa si kila jamaa wa aliyepotea huhesabiwa kuwa ameteswa. Huangaliwa ukaribu wa udugu, kama alishuhudia tukio, jinsi alivyohangaika kutafuta habari, na zaidi ya yote, jinsi wenye mamlaka walivyomjibu. Dhuluma kwa jamaa haiko katika kupotea peke yake. Iko katika mlango unaofungwa usoni pake kila anapouliza.

Haya hatimaye yaliandikwa katika mkataba. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva ilikuwa imekwishataja, katika kifungu cha 32, haki ya familia kujua yaliyowapata jamaa zao vitani. Mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kupotezwa kwa nguvu, uliopitishwa Disemba 2006 na kuanza kutumika Disemba 2010, unasema katika kifungu cha 24 kuwa mdhulumiwa ni aliyepotezwa na pia kila aliyedhurika moja kwa moja kwa kupotezwa kwake, na kwamba kila mmoja wao ana haki ya kuujua ukweli.

Srebrenica

Srebrenica ilitangazwa kuwa eneo la amani na Baraza la Usalama mwezi Aprili 1993. Tarehe 11 Julai 1995 ilitekwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia. Wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 7,000 waliuawa katika siku chache. Kisha, kati ya Septemba na Oktoba, wauaji walirudi na mashine kubwa, wakayafukua makaburi ya halaiki na kuihamisha miili sehemu nyingine ili isipatikane. Ndiyo maana mifupa ya mtu mmoja imewahi kukutwa katika makaburi mawili na zaidi.

Wake na mama zao walikuwa wametenganishwa nao Potočari. Mahakama ya The Hague, katika hukumu ya Jenerali Krstić ya Agosti 2001, ilieleza hali ya wanawake hao, na kutaja kuwa wataalamu wa maradhi ya nafsi walifikia kuipa jina maalumu la Srebrenica, kwa sababu mjane wa kawaida huomboleza, na hawa hawakujua kama waomboleze au wangojee.

Fikiri mambo ya fiqhi yaliyowakabili. Waislamu wa Bosnia ni Mahanafi, na kwa Mahanafi hakuna swala ya maiti asiyekuwepo. Maiti akipatikana nusu yake bila ya kichwa, au kiungo kimoja, hasaliwi kwa mujibu wa madhehebu yao, hali Mashafii husalia hata sehemu. Kwa hiyo mama aliyeletewa mifupa michache alikuwa na swali zito: azike alichokipata, au angojee mengine yapatikane? Ama eda, jamhuri ya wanavyuoni wanasema huanza tangu siku ya kifo. Mke akithibitishiwa mwaka 2005 kuwa mumewe aliuawa mwaka 1995, eda yake imekwishapita bila ya yeye kujua kuwa alikuwa mjane.

Mkataba wa Dayton wa mwaka 1995 ulikuwa umeunda mahakama maalumu ya haki za binadamu kwa ajili ya Bosnia. Januari 2001 mahakama hiyo ilimhukumia mke wa Kanali Avdo Palić, aliyekuwa kamanda wa mji jirani wa Žepa, ambaye alichukuliwa Julai 1995 alipokwenda kujadiliana juu ya kuwahamisha raia. Ilisema kuwa mkewe naye ametendewa unyama kwa kufichwa habari. Mabaki ya Palić yalifukuliwa Novemba mwaka huo huo, lakini hayakutambuliwa mpaka Agosti 2009, ndipo akazikwa Sarajevo. Kwa karibu miaka minane mifupa ilikuwa imekwishapatikana, na mjane bado hakuwa na habari.

Kisha, tarehe 7 Machi 2003, mahakama hiyo iliamua maombi 49 ya jamaa wa Srebrenica kwa pamoja. Iliiamuru serikali ya Waserbia wa Bosnia itoe habari zote ilizonazo juu ya waliopotea na makaburi yao, na ifanye uchunguzi kamili. Iliamuru pia walipwe mark za Bosnia milioni 4, mbili kwanza na zilizobaki kwa mafungu ya kila mwaka. Lakini fedha hizo hazikugawiwa mtu mmoja mmoja. Zilielekezwa kwenye makaburi na kumbukumbu ya Potočari, ambako mwezi huo huo wa Machi walizikwa watu 600 wa mwanzo. Waombaji walichokitaka kwanza kilikuwa ni kujua na kuzika.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2004 tume ya serikali hiyo ilitoa ripoti iliyokiri mauaji na kuonesha makaburi ambayo hayakuwa yakijulikana, na Novemba mwaka huo serikali ikaomba radhi. Jamaa walitoa damu zao zilinganishwe na vinasaba vya mifupa, na leo zaidi ya watu 6,700 wamezikwa Potočari, wakisaliwa kila tarehe 11 Julai. Lakini Agosti 2018 bunge la Waserbia wa Bosnia liliifuta ripoti ile. Mama aliyekiriwa msiba wake mwaka 2004 alikanwa tena akiwa mzee, na wapo takriban elfu moja ambao mabaki yao bado hayajapatikana.

Palipokutana na palipotengana

Fiqhi na sheria za kimataifa zimekubaliana kuwa kutojua ni madhara yanayojitegemea, na kwamba utafutaji ni wajibu wa mwenye mamlaka. Zimetofautiana juu ya fedha. Majaji wa Strasbourg hukadiria mateso kwa pauni na euro, na mafakihi wengi hawakukubali huzuni ipewe bei. Lakini hukumu ya Srebrenica inatuonesha kuwa tofauti hii si kubwa kama inavyodhaniwa, kwani hapo majaji nao walitanguliza habari na kaburi.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Mafqud wa vitabuni kwa kawaida ni msafiri, mfanyabiashara au askari, na mtawala ndiye anayesaidia kumtafuta. Mafqud wa leo mara nyingi amefichwa na yule yule ambaye kadhi angemwandikia barua. Hapa hukumu ya miaka minne humfaa mke kwa ndoa yake, lakini haimwondolei mama huzuni yake wala haimtoi mwenye kuficha katika dhambi yake. Ndiyo maana kesi hizi zilihitaji mahakama iliyo nje ya mkono wa mtawala. Waislamu hawana sababu ya kuiona njia hiyo kuwa ngeni, kwani Umar alikubali kuhukumiwa na Ali.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mwezi Disemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti ya visa 81 vya mauaji na kupotezwa watu katika pwani ya Kenya tangu mwaka 2012, na jina la ripoti hiyo kwa Kiswahili ni swali: tuziambie nini familia? Kenya iliutia saini mkataba wa kupotezwa kwa nguvu Februari 2007, na kutia saini si kuridhia. Kadhi anayefikiwa na mwanamke wa namna hii hapaswi kumtazamia kitabu peke yake. Alitakalo Malik kwake ni kuwa aandike barua, aulize, na aandike tena, na majibu anayoyapata, au kunyimwa majibu, yawekwe katika jalada. Maimamu wa misikiti nao wasichoke kuwataja waliopotea kwa majina yao, kama Mtume alivyomtaja Julaybib. Na jirani asiseme kuwa aliyepotea bila shaka alikuwa na lake, kwani hata kama alikuwa na lake, mama yake hana.

Wallahu aalam.